Tupeane uzoefu: mkopo wa nyumba Dodoma, benki walikuangalia nini?

Mhamiaji wa Mtumba
Wakuu, mbukwenyi. Nilihamia huku na ofisi 2019, na kupanga Ilazo kumenichosha. Kiwanja ninacho Iyumbu, kimepimwa, hati iko kabatini. Nikaenda benki kifua mbele: mtumishi wa umma, mshahara wa msingi 1,400,000, umri miaka 38. Nikajua hapa ni kusaini tu.

Dada wa mikopo hata hakuuliza kiwanja kiko wapi. Alichukua salari slipu na kalamu nyekundu. PSSSF, mfuko wa pensheni, 70,000. Bima ya afya 42,000. Chama cha wafanyakazi 28,000. Kodi 227,000. Bodi ya mikopo, ile asilimia 15 yetu ya chuo, 210,000. Inabaki 823,000. Halafu akaniambia theluthi moja ya mshahara wa msingi haiguswi, ni ya kula: 466,000 na ushee. Kwa hiyo nafasi yangu ya kukopa, mikopo yote kwa pamoja, ni 356,000 kwa mwezi. Na tayari nakatwa 290,000 za mkopo nilionunulia gari.

Zikabaki 66,000. "Kwa hii kaka, miaka 20, unapata kama milioni tano." Milioni tano Iyumbu ni choo na shimo lake. Na hata nisingekuwa na gari, kwa riba ya asilimia 15 ile 356,000 inabeba milioni 27 tu. Nimekaa kwenye hilo gari parking nikaliangalia vibaya.

Nyie mliopata, mlipitaje?

Bi Zabibu
Afadhali wewe una slipu ya kuchorwa. Mimi nalima zabibu Mpunguzi na nina duka la pembejeo. Zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, hela inakuja kwa mkupuo, halafu miezi mingine kimya. Mnunuzi analipa keshi, keshi inalipa vibarua na dawa palepale, nyingine nawatumia watoto shule. Benki wakafungua taarifa ya akaunti ya miezi sita, wakakuta 40,000, 15,000, 60,000. Wakaniambia mama, wewe huna kipato. Mimi! Nimejaza shamba ekari tatu!

Mwaka mzima uliofuata hela yoyote ikiingia mkononi naipeleka kwanza kwa wakala wa benki, ndipo naitoa. Makato yanauma, lakini nikaonekana. Wakadai pia leseni, TIN, cheti cha kodi na hesabu zilizotengenezwa na mhasibu. Mhasibu aliniuliza nauza mifuko mingapi ya mbolea kwa mwezi, nikagundua sijui. Nimepata mwaka huu, sio kiasi nilichoomba, ila nyumba imefika kwenye lenta.

Nala Kwetu
Mie nilikwama kwenye ardhi. Nilinunua kiwanja kwa karatasi ya mauziano, mashahidi wawili na muhuri wa mtaa. Benki wakaisoma vizuri, wakanirudishia kwa heshima zote. Bila hati hawana cha kusajili rehani. Mzee mmoja wa pale Area C alikuwa na tatizo la aina nyingine: hati yake ni ya enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ya miaka 33, na ilikuwa imebakiza michache. CDA ilivunjwa 2017 na hati zikawa za miaka 99, ila yeye hakuwahi kwenda kubadilisha. Nendeni ofisi za jiji kabla hamjaenda benki, ndugu zangu.

Afisa Mstaafu
Nilikaa meza ya mikopo miaka kumi na mbili, acha niseme kidogo. Mhamiaji, wewe hukukataliwa kwa sababu huna hela, ulikataliwa kwa sababu hela yako ina wenyewe. Tunaanza na kinachobaki, kisha historia, kisha ndiyo nyumba. Umri unaingia pia: marejesho yaishe kabla ya 60. Ukiwa na miaka 48 usiombe miaka 20.

Nyumba yenyewe inathaminiwa na mthamini aliyesajiliwa, na huwa tunatazama ile bei ya kuuza haraka haraka kuliko bei anayojivunia mwenyewe. Na usikimbilie muda mrefu kwa kudhani ni nafuu. Milioni 60 kwa asilimia 15: miaka 20 unalipa kama 790,000 kwa mwezi, miaka 15 kama 840,000. Hiyo 50,000 unayookoa inakugharimu milioni 38 mwishoni. Piga mwenyewe.

Historia sasa. Taarifa zinatoka kwa kampuni za kumbukumbu za mikopo, na hazichagui deni kubwa au dogo. Nimeshuhudia daktari anakwama kwa mkopo wa simu wa 18,000 aliousahau.

Mama Wawili Miyuji
Mmesahau sahihi ya mke! Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mwenza kama nyumba ya familia inawekwa rehani. Baba watoto aliniletea fomu usiku nikiwa nakanda chapati, "weka hapa tu mama." Nikanawa mikono, nikasoma yote. Kumbe nyumba yetu inadhamini lori la kaka yake. Fomu ile bado iko kwenye droo yangu.

Afisa Mstaafu
Mama, hiyo droo ifunge na ufunguo.

Mhamiaji wa Mtumba
Gari nimelitangaza leo. Na baada ya ushauri wa Afisa nimeuliza kumbukumbu zangu: nina deni la 23,000 la simu, limechelewa miezi saba. Ni laini niliyosajili kwa kitambulisho changu nikampa mdogo wangu Kibaigwa auzie mahindi. Nimempigia mara nne. Inaita, hapokei.