Spika za studio ya nyumbani zinavuma na kulia hata kama hakuna kinachopigwa: chanzo ni nini?

Mpigakinanda:

Habari zenu wakuu. Nina jozi ya spika za studio zenye ampulifaya ndani yake, zinazopokea sauti kutoka kwenye saundi kadi ya nje iliyounganishwa na kompyuta mpakato kwa waya wa USB. Nikiziwasha tu, kabla sijapiga chochote, husikika mvumo mzito usiokatika, na juu ya mvumo huo kuna mlio mwembamba unaobadilika kila ninaposogeza kipanya au ninapofungua dirisha jipya kwenye kompyuta. Nikiinamisha sikio hadi kwenye twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) nasikia pia sauti laini ya "shhh". Jambo linalonishangaza ni kwamba nikichomeka hedifoni kwenye saundi kadi hiyohiyo, ni kimya kabisa. Nyaya ninazotumia zina jeki zenye mstari mmoja mweusi. Spika zimechomekwa kwenye soketi ya ukuta mmoja na kompyuta kwenye soketi ya ukuta mwingine. Je, spika ni mbovu, au tatizo liko kwingine?

Fundi wa Mawimbi:

Karibu, ndugu. Ulichokieleza ni kelele tatu zenye asili tofauti, kwa hiyo usitie mkono mfukoni kabla hujazitenganisha. Ili kukata mzizi wa fitina kuhusu ubovu wa spika, punguza sauti hadi mwisho, zima spika, chomoa nyaya za sauti upande wa spika huku waya wa umeme ukiwa umebaki mahali pake, kisha ziwashe tena na urudishe sauti kama ilivyokuwa. Mvumo na mlio vikitoweka, spika zako ni nzima na kelele inapitia kwenye nyaya za sauti. Mvumo ukibaki vilevile, tatizo liko ndani ya spika, na mara nyingi huwa ni kapasita za kuchuja umeme ambazo zimechoka.

Hedifoni kuwa kimya ni ushahidi mzuri. Zinapata kila kitu kutoka saundi kadi na hazina waya mwingine wowote unaokwenda ukutani, ilhali spika zina njia mbili za kufika kwenye ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini): moja kupitia plagi yake, nyingine kupitia ngao ya waya wa sauti (wavu wa chuma unaouzunguka waya wa ndani), saundi kadi, USB na chaja ya kompyuta. Hicho ndicho kitanzi cha ethi. Kwa kuwa soketi mbili zilizo mbalimbali hazilingani kikamilifu katika ethi yake, mkondo mdogo hupita kwenye kitanzi hicho, na ampulifaya haina namna ya kuutofautisha na muziki. Umeme wa ukutani una mzunguko wa hezi 50 au 60 kutegemea nchi, ndiyo maana mvumo huo huwa mzito. Mlio unaofuata kipanya ni mkondo wa kompyuta yenyewe, unaopanda na kushuka kadiri prosesa inavyofanya kazi, na unasafiri kwa njia hiyohiyo.

Baada ya hapo chomoa chaja ili kompyuta itumie betri, usikilize. Kisha rudisha chaja na uchomeke vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, ili ethi yake iwe moja na kitanzi kiwe kifupi.

Sikio Pevu:

Naongezea kuhusu jeki, kwa sababu mstari ule mweusi unasema mengi. Jeki yenye mstari mmoja ina sehemu mbili tu za kugusana, na hapo ngao ya waya ndiyo pia njia ya kurudi ya sauti. Uchafu wowote unaopita kwenye ngao unaingia moja kwa moja kwenye sauti. Yenye mistari miwili hubeba nyaya mbili ndani ya ngao, na spika husikiliza tofauti kati ya nyaya hizo, hivyo kelele iliyoingia kwa kiasi sawa kwenye zote mbili hujifuta. Sharti ni kwamba vifaa vyote viwili, saundi kadi na spika, viwe vimetengenezwa kwa mfumo huo. Angalia maelezo ya matundu ya kutolea sauti kabla ya kununua nyaya.

Utakutana na watu watakaokushauri ukate pini ya ethi kwenye plagi. Ni kweli mvumo utatoweka, lakini siku waya wa ndani utakapolegea na kugusa bati la nyuma ya spika, umeme huo utatafuta njia kupitia waya wa sauti au kupitia mwili wako. Mimi siwezi kumshauri mtu yeyote afanye hivyo, hata kwa majaribio.

Ile "shhh" ya kwenye twita ni jambo jingine kabisa. Kila ampulifaya ina yake, na kama ukiwa umeketi mahali pako pa kazi huisikii, iache. Ukiisikia ukiwa umeketi, punguza kitufe cha sauti kilicho nyuma ya spika na uongeze kwenye saundi kadi.

Mpigakinanda:

Ahsanteni sana. Nilipochomoa nyaya za sauti, mvumo na mlio vyote vilikoma, ikabaki "shhh" peke yake. Kompyuta ikiwa kwenye betri mlio unatoweka. Kwenye ekstensheni moja mvumo umepungua sana, ila mlio wa kipanya bado upo chaja ikiwa imechomekwa. Matundu ya saundi kadi yangu yanakubali jeki za mistari miwili, na ya spika vilevile. Je, ninunue kifaa cha kutenganisha USB, kile kinachokata muunganiko wa umeme kati ya kompyuta na saundi kadi?

Fundi wa Mawimbi:

Anza na nyaya za mistari miwili. Katika hali kama yako mara nyingi hutosha. Kifaa cha kutenganisha USB kina mtego wake: vingi vya bei nafuu hupitisha megabiti 12 tu kwa sekunde, ilhali saundi kadi nyingi za sasa zinahitaji kasi ya megabiti 480, na vingine havitoi umeme wa kutosha kuiwasha. Iwapo nyaya mpya hazitamaliza mlio wote, weka transfoma ya kutenganisha sauti kati ya saundi kadi na spika, kwa sababu transfoma hupitisha sauti bila kuunganisha ethi za pande mbili. Ila chagua yenye kiini kikubwa. Zile ndogo hupoteza besi na kuivuruga sauti ikiwa ya juu, na kwa mtu anayechanganya muziki hasara hiyo ni kubwa kuliko mlio wenyewe.

Wakati unazipanga nyaya hizo mpya, zisilale sambamba na nyaya za umeme. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba.