Heartstopper, Running with Lions au She Drives Me Crazy: nianze na ipi?

Winga_Defensi
Wakuu habari za jioni. Nina likizo ya wiki mbili, nataka hadithi ya mapenzi ya vijana wa sekondari, wa jinsia moja, ila michezo iwemo kweli, nimechoka na zile mchezaji anatajwa ukurasa wa kwanza halafu mpira hauonekani tena. Mimi nilicheza netiboli form three na four, kuna mwenzangu kwenye timu nilikuwa namfunga kamba za viatu kabla ya kila mechi, fundo mbili ndo alikuwa anataka, na hadi tunamaliza shule sikumwambia kitu. Kwa hiyo hizi hadithi nazitafuta kwa moyo. Nimebaki na hizo tatu.

kibarazani
Heartstopper ya Alice Oseman, usijiulize mara mbili. Ni katuni, kitabu cha kwanza unakimaliza jioni moja. Shule ya wavulana Uingereza, Charlie na Nick wanakalishwa pamoja darasani, Nick ni mtu wa raga, anaona Charlie anavyotimua mbio anamwomba aingie timu, na raga yenyewe Charlie hata haijui. Halafu kuna sirizi yake Netflix, ilianza 2022, kipindi cha mwisho cha msimu wa kwanza Nick anaacha mechi katikati anatoka uwanjani anamfuata Charlie anamshika mkono shule nzima inaangalia. Nililia aisee.

Mdaka_Mishale
Tamu nakubali, ila pale raga ni mlango tu, ukishaingia ndani unakuta mambo ya marafiki na familia. Anayetaka mchezo asome Running with Lions ya Julian Winters, ya 2018. Marekani, kambi ya mazoezi ya soka kipindi cha kiangazi, Sebastian ni golikipa yuko mwaka wa mwisho shuleni, mara anatokea Emir, rafiki yake wa utotoni, walishakosana na sasa hataki hata kumuona. Kilichonishika mimi ni kocha, hamlazimishi mchezaji yeyote kujificha, kwa hiyo shida inabaki kwa hao wawili, unamwombaje msamaha mtu ambaye kesho asubuhi lazima mcheze timu moja. Na kuwa golikipa kuna maana yake. Nimedaka miaka sita, unawaona wenzako migongo tu dakika tisini, mtu akiumia moyoni unamjua kwa mabega yake.

Bint_Pwani
Naongezea hapo kwa Mdaka, Emir ni Mwislamu, na mimi kumkuta kijana wa hivyo kwenye hadithi ya mapenzi bila kugeuzwa somo ilinipa raha sana. Nakaa kwa ndugu, kitabu cha karatasi siwezi kuweka ndani, nilikisoma kwenye simu usiku mwanga nimeushusha mpaka mwisho.

dada_wa_basketi
Jamani mtoa uzi kasema netiboli nyie mnampa wavulana tu! She Drives Me Crazy ya Kelly Quindlen, 2021. Scottie anacheza basketi, anafungwa vibaya na timu ya eks wake, siku hiyohiyo gari lake linagongana na la Irene, binti wa kikosi cha washangiliaji ambaye hawaivi chungu kimoja, mama zao wanaingilia wanaamua waende shule gari moja mpaka la Irene litoke gereji. Baadaye wanajifanya wapenzi ili kumrusha roho yule eks. Unachekaa, ila ile aibu ya kufungwa na mtu uliyempenda imeandikwa vizuri mno, nilishafungwa hivyo, kwenye basi la kurudi hakuna aliyenisemesha.

kibarazani
Nimesahau kusema, Heartstopper kitabu cha nne kinaingia kwenye Charlie kushindwa kula na kujiumiza. Kimeandikwa kwa huruma, ila kama hayo yanakugusa kisome mchana, na mtu wa kuongea naye awe karibu.

Winga_Defensi
Asanteni sana. Dada wa basketi umenishinda, nimeshakinunua, Irene ndo kwanza anapanda gari la Scottie. Cha Mdaka kinafuata, hapo pa mabega nimepasoma mara tatu, maana yule wangu alikuwa anainamisha la kushoto tukifungwa.