Nizipime vipi spika za masikioni za bei nafuu, kwa sauti na kwa umbo?

Mwanakwaya:
Habari zenu, ndugu zangu. Nina jozi mbili za spika za masikioni za bei nafuu, zile zinazoingia ndani ya tundu la sikio na ambazo waya wake hupita juu na nyuma ya sikio, kama wanazovaa wanamuziki jukwaani. Jozi ya kwanza ina draiva (kijisehemu kinachogeuza umeme kuwa sauti) moja ya koili kila upande. Ya pili inachanganya draiva ya koili na draiva ndogo za aina ya amecha, ambazo hutumia kijiulimi cha chuma kinachotikiswa kwa sumaku. Ninataka kuzitathmini kwa haki kabla ya kuchagua moja ya kusahihishia rekodi za kwaya yetu, lakini hukumu yangu haitulii: asubuhi nasikia besi nene, na jioni besi ileile imetoweka. Mwenzangu anasema jozi ya pili inamchoma kila mwimbaji anapotamka "s", ilhali mimi sisikii hivyo kabisa. Je, nianzie wapi? Na umbo la kifaa lihesabiwe kando, au ni sehemu ya sauti yenyewe?

FundiMitambo:
Ndugu Mwanakwaya, anza na vimpira, vile vya mdomoni mwa spika vinavyoziba tundu la sikio. Spika ya namna hii hufanya kazi kwa kusukuma kiasi kidogo sana cha hewa kilichofungiwa kati yake na kiwambo cha sikio, na hewa hiyo ikipata upenyo wa kutokea, sauti za chini ndizo zinazopotea kwanza. Besi inayokuja na kuondoka kwa spika zilezile na wimbo uleule karibu kila mara ni dalili ya mzibo unaovuja. Cheza toni ya hezi 50 kwa sauti ndogo, kisha ukandamize spika taratibu kwa kidole. Toni ikinenepa, ujue kimpira hakikuwa kimeziba. Jaribu saizi zote zilizomo kwenye kasha, kila sikio kwa nafsi yake, kwa maana masikio ya mtu mmoja hayalingani.

Kwa hiyo swali lako la pili limekwisha kujibika: umbo ni sehemu ya sauti. Bodi, yaani ganda la spika, iliyo nene kupita kiasi, au yenye mdomo mfupi, huizuia spika isifike kwenye kina na pembe iliyokusudiwa, na hapo hata draiva bora haina la kufanya.

Baada ya mzibo, linganisha ukubwa wa sauti. Jambo hili ndilo linaloharibu tathmini nyingi ninazozisoma. Spika mbili hazitoi sauti yenye ukubwa sawa kwa umeme uleule, na sikio huipa alama za juu ile inayosikika kwa nguvu zaidi, hata tofauti ikiwa ndogo kiasi kwamba msikilizaji haitambui kuwa ni ya ukubwa. Tena watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba, sauti inapopungua, sikio hupoteza uwezo wa kuzisikia zile za chini kuliko za kati. Mtu anayesikiliza kwa sauti kubwa ataisifia besi ambayo mwenzake, kwa sauti ndogo, ataiona hafifu. Tumia toni ya hezi 500, badilisha jozi huku na huku, na urekebishe hadi zilingane, ndipo uweke muziki.

Katika muziki, wewe una bahati ambayo wengi hatuna. Rekodi za kwaya yenu ni za watu uliosimama karibu nao, na unajua sauti zao zilivyo ndani ya chumba. Sikiliza kama soprano na alto zinatengana, na kama unamtambua kila mtu anapovuta pumzi. Wimbo wa studio uliojaa mitambo hauwezi kukupa ushahidi wa namna hiyo, hata uwe umerekodiwa vizuri kiasi gani.

MsomaGrafu:
Niongeze kuhusu grafu, zile zinazoonyesha spika inatoa sauti kubwa kiasi gani katika kila masafa, na kuhusu malalamiko ya mwenzako. Grafu nyingi hupimwa kwa sikio bandia la kiwango cha IEC 60318-4, linaloiga sikio la wastani. Kilima unachokiona karibu na hezi 3,000 si kasoro: sikio lililo wazi hukuza lenyewe sauti za eneo hilo, na ukishaliziba, spika inalazimika kukurudishia kile ulichonyimwa. Kilima hicho kiwe kirefu kiasi gani, na besi iwe kiasi gani, ndilo suala ambalo watafiti wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman, akiwemo Sean Olive, walilitafutia jibu kwa kuwapima wasikilizaji upendeleo wao. Mstari wa grafu waliopendekeza ni wastani wa watu wengi. Ni mahali pazuri pa kuanzia, wala haumfungi mtu mmoja mmoja.

Juu ya hezi 8,000, soma grafu kwa tahadhari kubwa. Sikio bandia lina mwangwi wake katika eneo hilo, na kilele chake huhama kulingana na kina ambacho spika imeingizwa. Katika sikio hai huwa vivyo hivyo, na sauti za "s" zinaishi jirani na hapo. Ndiyo maana mwenzako anachomwa nawe huchomwi, na nyote wawili mnasema kweli. Acheze toni inayopanda polepole kutoka hezi 5,000 hadi 10,000, aone ni wapi inapokuwa kali ghafla, kisha abadilishe kimpira au kina na kurudia.

Idadi ya draiva isikutishe wala kukuvutia. Spika ya masikioni ya Etymotic ER-4, iliyotoka 1991, ilikuwa na draiva moja tu ya amecha kila upande.

WayaNaPini:
Kwa umbo, mimi huangalia kwanza kama waya unachomoka, kwa sababu waya ndio unaokufa mapema. Moondrop Chu ya kwanza, spika ya masikioni ya bei nafuu, ilikuwa na waya usiochomoka. Chu II ikaleta waya unaochomoka wenye pini mbili, na hayo kwangu ni maboresho makubwa kuliko badiliko lolote la sauti. Kagua pia wavu wa mdomoni: ukizibwa na nta ya sikio, upande mmoja hufifia na watu hudhani draiva imeharibika. Mwisho, zivae kwa muda wa zoezi zima bila kuzitoa.

Mwanakwaya:
Ahsanteni sana. Sikio la kushoto limehitaji kimpira kikubwa zaidi, na besi sasa imetulia. Limebaki moja: jozi ya pili inasikika tofauti kwenye simu na kwenye mikisa yetu (mashine ya kuchanganyia sauti), ilhali ya kwanza haibadiliki.

FundiMitambo:
Huo ni ukinzani wa umeme. Matundu ya spika za masikioni kwenye mikisa nyingi yana ukinzani mkubwa kuliko ya simu, na spika zenye draiva mchanganyiko hubadilisha ukinzani wake kutoka masafa hadi masafa. Vikikutana, mizani ya sauti huyumba. Draiva moja ya koili kwa kawaida ina ukinzani ulio karibu sawa kote. Kanuni inayotumika ni kwamba ukinzani wa chanzo, yaani simu au mikisa, usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa spika: kwa spika za omu 16, usizidi omu 2. Kama kazi yako itafanyikia kwenye mikisa hiyo, mimi ningechukua jozi ya kwanza.