MREJESHO: Kile kioo cha mikroni, volti zimeshuka

Wakuu, niliuliza namna ya kushusha volti za kioo cha silikoni cha ukubwa wa mikroni (mikroni ni elfu ya milimita) kinachovutwa chini kwa umemetuli, kutoka 60 hadi 15. Ushauri wa kubana mwanya kati ya kioo na elektrodi (bamba la umeme linalokivuta) niliuacha. Volti zinashuka kweli, lakini kioo kikishavuka theluthi moja ya mwanya kinanasa kwenye elektrodi, kwa hiyo mwanya mdogo unakula mwendo wenyewe.

Badala yake nimelegeza springi zinazoshikilia kioo, nikazikunja kama nyoka. Ugumu umepungua mara 16, na kwenye uigaji wa kompyuta kinanasa kwenye volti 15. Gharama yake? Masafa asilia (mara ngapi kioo hutikisika chenyewe kwa sekunde) nayo yamegawanyika kwa nne, yaani kioo kimekuwa kizito kuitikia. Kwa kurekebisha taswira za hadubini, kasi hiyo inatosha. Kwa skana ya leza, hapana.

Aliyependekeza elektrodi za kitana (zenye meno yanayoingiliana kama ya vitana viwili): nazitamani, bajeti haitaki.