Maandishi ya hoteli kongwe mtaa wa Mkomani, Lamu: yakatwe au yaachwe ukutani?

Mwanzilishi wa mjadala: Assalaam alaykum wana Amu. Ile hoteli kongwe ya Mkomani inabomolewa upande wa nyuma. Mafundi walipobambua lipu ya saruji, chini yake ikatokea ya chokaa, na humo mstari wa khati za Kiarabu uliochorwa kwa ncha kali chokaa ikiwa bado mbichi. Pembeni pana mtepe, chombo cha kale cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, wenye tanga la mraba, mchoraji hakusahau hata kamba. Sasa wapo wanaosema kipande kikatwe kipelekwe Makumbusho pale mbele ya bahari. Mimi napinga. Chokaa ya zamani ukiipitishia mashine inamomonyoka, mtabeba vumbi. Tena maandishi yako chini, usawa wa mtu aliyeketi, ubavuni mwa kidaka, kile kishubaka cha ukutani cha kuwekea vitu. Hapo ndipo tunapopata kujua chumba kilitumikaje. Kikitundikwa kwingine kinabaki pambo. Na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inamtaka aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa ndani ya siku 7. Kazi isimame kwanza.

Mwenye nyumba, Langoni: Isimame kwa pesa za nani, ndugu yangu? Tangu 2001 mji ulipoingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, hata dirisha ukitaka kulipanua waulizwa. Serikali ilipofungia ukataji wa mikoko 2018 boriti za dari tulizikosa, na hakuna aliyekuja kunishikia dari. Yule bwana mwenye hoteli ana mkopo. Wamlipe, kisha ndio wamwambie aache ukuta.

Fundi mwashi: Kukata kwawezekana, ila si kwa grainda. Mimi naogopa saruji. Jiwe la matumbawe lanywa maji ya chumvi toka chini, saruji inayafungia ndani, lipu inabanduka maganda maganda. Mkiyaacha maandishi kisha mkarudisha saruji pembeni yake, yatadondoka yenyewe.

Ustadhi: Nasikia hapo ramani mpya imeweka bafu la wageni. Kama ni aya, haifai kabisa. Iondolewe.

Mama wa Mkomani: Shikamoo Ustadhi. Lihamishwe bafu, si aya. Halafu mbona twabishana na hakuna aliyeyasoma? Huenda ni hesabu ya deni la mtu! Pale msikiti wa Riyadha hapakosi wa kuzisoma khati hizo.

Mwanzilishi wa mjadala: Bwana wa Langoni, la fidia tuko pamoja. Mji mzima wajisifu kwa nyumba hizi na gharama twamwachia mwenye hati peke yake, si haki. Lakini deni lake laweza kulipwa mwakani, ukuta ukishakwenda umekwenda. Mama, picha nitazipeleka Riyadha. Kwa sasa nimewaomba wafunike turubai tu, wasiguse kwa brashi wala maji. Fundi, waweza kuja kesho baada ya alasiri uitazame hiyo saruji iliyobaki?