Msaada wakuu: nisome topiki zipi za hesabu kwa mtihani wa kuingia chuo? Zimebaki wiki sita

Naogopa_Namba: Wakuu habarini, naombeni ushauri maana nimechanganyikiwa. Nina mtihani wa kuingia chuo na hesabu nimeziacha miaka minne sasa. Kila ninayemuuliza ananitajia yake, huyu logi, yule trigonometria, juzi mmoja kanitisha na kalkulasi nikafungua daftari usiku ule ule, kurasa mbili tu nikafunga nikalala na mawazo. Nianzie wapi, na kipi niachane nacho?

Vumbi_la_Chaki: Pole mkuu. Kwanza tafuta silabasi ya mtihani wenyewe, kama kalkulasi haimo usiiguse hata kidogo. Halafu anza na aljebra, yaani milinganyo, mabano, vipeo, sehemu zenye x juu na chini, kwa sababu hata swali la jiometri ukishachora pembetatu yako mwisho wa siku unabaki na x ya kutafuta. Jipime na hii, usitumie kalkuleta: rahisisha 5 − 2(x − 4).

Naogopa_Namba: 5 − 2x − 8, kwa hiyo −3 − 2x. Hii si ya darasani kabisa jamani?

Vumbi_la_Chaki: Ya darasani na umeikosa 😀 Ile −2 inazidisha kila kilichomo kwenye mabano, hasi kwa hasi inakuwa chanya, unapata 5 − 2x + 8 ambayo ni 13 − 2x. Huniamini, weka x = 4: swali linatoa 5, jibu langu 5, lako −11. Maksi zinavujia hapo, wala sio kwenye logi. Ndugu yake ni (x + 3)², watu wanaandika x² + 9 wanasahau 6x ya katikati.

MamaWawili: Mdogo wangu mimi nilirudi kusoma ukubwani, aljebra ilinikubali haraka ila maswali ya maneno yalinitoa jasho. Asilimia, uwiano, mwendo, wastani, hayo usiyadharau. Kitu kikipanda bei kwa 20% kisha kikashuka 20% wengi wanasema kimerudi pale pale, kumbe cha 100 kimefika 120 halafu kimeshukia 96, maana ile 20% ya pili inapigwa kwenye 120. Haya na wewe jibu hili: gari limekwenda kwa km 60 kwa saa, likarudi njia ile ile kwa km 40 kwa saa. Mwendo wa wastani wa safari nzima?

Pembe_Tisini: Nampinga kidogo Vumbi hapo kwenye logi. Kama iko kwenye silabasi ni maksi za bure, log ya 1000 kwa kizio cha 10 ni swali tu kwamba 10 uipandishe kwa kipeo gani upate 1000, jibu 3, basi. Trigonometria nayo anza na pembetatu yenye pembe mraba, sain, kosain na tanjenti ziingie kichwani, pamoja na zile pembetatu zenye pande za urefu 3-4-5 na 5-12-13 ukiziona usipoteze muda kukokotoa. Grafu jua mteremko wa mstari na pale unapokata mhimili. Takwimu na uwezekano wikiendi moja inakutosha.

Vumbi_la_Chaki: @Pembe_Tisini sijasema aache logi, nimesema asianzie huko. Wiki tatu aljebra na maswali ya maneno, mbili hizo zako, ya mwisho mitihani iliyopita kwa saa mkononi. Na awe na daftari la makosa tu, kila alipokosa aandike amekosa kwa nini.

Naogopa_Namba: Sawa wakuu, daftari nimeshaanza na ukurasa wa kwanza ni ile hasi 😅 MamaWawili jibu ni 50.

MamaWawili: Andika ukurasa wa pili.

Naogopa_Namba: Eeh? 60 na 40 jumla 100, gawa kwa mbili… subiri. Tuseme njia ni km 120, kwenda saa 2, kurudi saa 3, kwa hiyo km 240 kwa saa 5, ni 48! Kumbe lile la 40 limekaa barabarani muda mrefu zaidi. Dada umenitega.

MamaWawili: Ehee, umeipata. Kesho nakuletea ile ya mabomba mawili yanayojaza tangi moja.