Mbwa ananivuta kila tunapotoka getini

Mama Njiro: Habari za jioni, ndugu zangu. Nina mbwa jike aina ya German Shepherd, mwenye umri wa miezi 9, ambaye mchana kutwa hukaa bandani na usiku hufunguliwa alinde ua. Nimeanza kumtembeza alfajiri, lakini tukishavuka geti tu anachomoka, kamba inakaza, naye hukohoa huku akizidi kuvuta. Jana nilianguka nikachubuka goti, na mtoto aliyekuwa akienda shule alitupa begi akakimbia kwa hofu. Nimeshauriwa nimvishe mnyororo unaokaba shingo, nami nasita. Nifanyeje?

Mfugaji wa Moshi: Pole sana, mama. Mnyororo huo usiununue, kwa sababu unaweza kumwumiza koo bila kumfundisha atembee vipi. Mbwa akivutwa nyuma, mwili wake hujikaza kwenda mbele; tena kila akivuta nawe ukamfuata, amekwisha kulipwa, maana amefika alikotaka. Mimi dume wangu nilimwanzia ndani ya ua kwa kamba ya mita 2. Ikikaza, nasimama kimya. Akigeuka kunitazama na kamba ikalegea, nampa kipande cha ini la kuchemsha, kidogo kama punje ya hindi, nikikishusha kando ya paja langu ili ajue kwamba malipo yako hapo, wala si mbele. Siku ya kwanza tulitumia dakika 10 kutoka bandani hadi getini, mwendo wa hatua 20 tu. Wiki ya tatu ndipo tulipotoka nje.

Binti wa Tanga: Naunga mkono. Ila mbwa aliyefungiwa kutwa ana nguvu zisizo na pa kwenda, kwa hiyo mwache kwanza akimbie uani. Mtafutie pia mkanda wa kifuani wenye pete mbele, ambao humgeuza upande wako anapovuta. Ukimwona mtoto kwa mbali, vuka barabara kabla mbwa hajamkazia macho.

Mama Njiro: Nashukuruni mno. Leo amegeuka mara 4, na mara ya mwisho sikumwita. Hata hivyo, kijana wangu humtembeza jioni na kumwachia avute apendavyo. Je, itaharibu?

Mfugaji wa Moshi: Itaharibu, mama. Kuvuta kukimfaa jioni, atajaribu tena asubuhi. Mwite kijana kesho, umkabidhi kamba na ini, nawe usimame pembeni umwangalie.